Wino Usioshika: Uchambuzi wa Kisa cha Plazma Baridi kwenye Makopo ya Asali, Tabora

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wafungashaji wa asali katika Manispaa ya Tabora. Kikundi hununua asali kutoka kwa warinaji wa Sikonge na Urambo, huichuja, huipima unyevu, kisha huifungasha katika makopo ya plastiki ya kilo moja. Kwa miaka kadhaa makopo hayo yalibandikwa lebo za karatasi, ambazo zilichafuka na kubanduka kila asali ilipochuruzika kutoka mfunikoni, hata wanakikundi wakaamua kuachana na karatasi na kuchapa maandishi moja kwa moja juu ya plastiki. Kazi hiyo alipewa mchapaji wa mjini ambaye kwa kawaida huchapa fulana na mabango kwa fremu ya wavu. Makopo ya kwanza yalipendeza. Hata hivyo, yalipofika Dar es Salaam, baada ya zaidi ya kilomita 800 za kusuguana ndani ya maboksi, maandishi yalikuwa yamemeguka vipande vipande, na mnunuzi akaurudisha mzigo wote. Mnunuzi hakukosea, kwa sababu kopo la chakula lisilosomeka jina la mfungashaji, uzito na tarehe ya mwisho wa kutumika haliwezi kuwekwa rafuni hata kama asali iliyomo ni safi.

Watu walianza kurushiana lawama. Mchapaji aliilaumu plastiki, kikundi kiliulaumu wino, na muuzaji wa makopo alisisitiza kwa simu kwamba makopo yake yalikuwa yametayarishwa kiwandani kwa ajili ya kuchapwa. Katikati ya mabishano hayo kijana mmoja wa kikundi alileta pendekezo la kununua mashine ya plazma baridi, ambayo muuzaji wake aliitangaza kuwa hufanya wino ushike juu ya plastiki ya aina yoyote, na juu ya hayo huua vijidudu. Bei yake ilikaribia mapato ya msimu mzima wa kurina. Mwenyekiti wa kikundi, mama ambaye mwanawe niliwahi kumfundisha kemia, aliniita stoo kwao na kuniambia: "Mwalimu, sitaki darasa. Niambie tu mashine hii inanunuliwa au hainunuliwi." Nilidhani ningemjibu siku ileile. Ilinichukua zaidi ya mwezi, na sehemu ya muda huo ilipotea kwa kosa langu mwenyewe, nitakaloeleza mahali pake.

Ili uamuzi wa mwisho ueleweke, yafaa kwanza kusema plazma baridi ni nini. Plazma ni gesi ambayo sehemu ya molekuli zake zimepoteza elektroni, kiasi kwamba ndani yake huelea pamoja elektroni huru, ioni (chembe zenye chaji) na chembe zisizo na chaji. Jina hilo lilitolewa mwaka 1928 na mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, ingawa kila mtu wa Tabora ameiona plazma kwa macho yake pale radi inapopasua anga la Novemba. Radi ni plazma ya moto, nayo huunguza inachokigusa. Plazma baridi ni jambo jingine: elektroni zake hufikia joto la zaidi ya nyuzi 10,000, ilhali hewa inayozizunguka hubaki karibu na joto la chumba, kwa hiyo mtu anaweza kupitisha plastiki laini ndani yake bila kuiyeyusha. Sababu ni tofauti ya uzito. Molekuli ya naitrojeni ni nzito kuliko elektroni kwa zaidi ya mara 50,000, na elektroni inayoigonga hudunda kama punje ya mtama iliyorushwa kwenye gunia lililojaa, ikiiachia joto dogo sana. Hata hivyo elektroni hiyohiyo, ikiwa na kasi ya kutosha, huweza kuvunja kifungo cha molekuli ya oksijeni, na hapo ndipo faida yote ya plazma inapoanzia.

Hali hiyo haidumu yenyewe. Umeme ukiachwa upite hewani mfululizo, hewa hupata joto na cheche hugeuka kuwa moto wa kuchomelea. Namna ya kuzuia hilo imejulikana tangu mwaka 1857, pale Werner von Siemens wa Ujerumani alipoweka kioo kati ya vyuma viwili vya umeme ili atengeneze ozoni, aina ya oksijeni yenye harufu kali: chaji hujikusanya juu ya kioo na kuukata mkondo kabla haujakomaa, na kila uzi mdogo wa cheche huzimika ndani ya makumi ya nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Mashine zinazotayarisha plastiki kwa kuchapwa leo hutumia wazo hilohilo au njia nyingine za kuzuia mkondo usikomae, nyingine zikiwa na bapa mbili zenye nafasi ya milimita moja au mbili kati yake, nyingine zikirusha plazma kupitia pua kwa hewa iliyoshindiliwa, na nyingine zikiwa vifaa vidogo vya kushika mkononi vinavyotoa ukungu wa mwanga wa zambarau kwenye waya. Rangi hiyo ya zambarau hutokana na naitrojeni ya hewa. Nitaje kwa kupita kwamba hewa ya usawa wa bahari huhitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita ili ipasuke, na kwamba Tabora, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 na yenye hewa nyepesi zaidi, huhitaji pungufu kidogo. Tofauti hiyo haina madhara kwa kazi hii.

Sasa tuje kwenye plastiki. Kopo la kikundi lilikuwa na namba 2 ndani ya pembetatu chini ya kitako, yaani ni polithini ya msongamano mkubwa, na mfuniko ulikuwa na namba 5, yaani polipropilini. Zote mbili ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tupu, ambayo haina sehemu ya kuvutana na kitu kingine. Ndiyo maana maji hujikunja juu yake kama yanavyojikunja juu ya jani la magimbi. Wataalamu hupima tabia hiyo kwa nishati ya uso, na kwa polithini isiyotayarishwa kipimo hicho ni kama milinewtoni 31 kwa mita, wakati wino mwingi wa kuchapia huhitaji uso wenye 38 hadi 42 ndipo utandae na kukamata. Plazma ya hewa huziba pengo hilo kwa kemia. Oksijeni iliyovunjwa na chembe nyingine kali hung'oa haidrojeni kutoka kwenye mnyororo, na mahali palipoachwa wazi hukaliwa na vikundi vyenye oksijeni ambavyo wino unaweza kushikamana navyo. Badiliko hilo huingia kina cha nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo tunazungumzia ngozi ambayo kidole kichafu kimoja kinaweza kuifunika kabisa. Ningependa msomaji alikumbuke hilo, maana kisa chote kinazunguka hapo.

Uchunguzi ulianza na swali la kama muuzaji wa makopo alisema kweli. Viwandani uso wa plastiki hupimwa kwa kalamu zenye vimiminika vya kipimo maalumu, ambazo hatukuwa nazo. Tulikuwa na mizani nzuri ya kupimia asali na ethanoli ya maabara, na hivyo viwili vilitosha. Mvutano wa uso wa maji hupungua kadiri ethanoli inavyoongezwa, na viwango vyake vinajulikana: katika nyuzi 25, maji matupu yana takriban milinewtoni 72 kwa mita, mchanganyiko wenye asilimia 10 ya ethanoli kwa uzito una takriban 48, wenye asilimia 20 una 38, wenye asilimia 30 una 33, na wenye asilimia 40 una 30. Tukatengeneza chupa nne na kuzifunga barabara. Mstari wa kimiminika hupakwa juu ya plastiki kwa pamba safi, kisha mtu huhesabu sekunde mbili: mstari ukibaki umetandaa, uso una nishati inayofikia kipimo cha chupa ile au zaidi, ukijikunja na kuwa matone, haujafika. Ni kipimo cha mkulima, nakiri, kwa kuwa ethanoli huruka hewani haraka kuliko maji na kuubadilisha mchanganyiko wakati mtu bado anautazama, lakini kinatofautisha kopo zima na kopo bovu bila shaka yoyote.

Makopo ya gunia lililofika wiki hiyo yaliushika mchanganyiko wa asilimia 20 na kuukataa wa asilimia 10, yaani nishati yake ilikuwa kati ya 38 na 48. Muuzaji alikuwa amesema kweli. Makopo ya magunia ya zamani, yaliyokaa stoo tangu Agosti chini ya bati lisilo na dari, yaliushika ule wa asilimia 40 peke yake, na wa asilimia 30 ulijikunja: yalikuwa sawa na plastiki ambayo haijawahi kutayarishwa. Na hayo ya zamani ndiyo yaliyochapwa, kwa sababu mtunza stoo, kwa uangalifu unaostahili sifa katika mambo mengine yote, huanza kutoa mzigo uliotangulia kuingia.

Jambo hili la maandalizi kuchakaa lina maelezo mawili, nayo yote yalifanya kazi ndani ya stoo ile. La kwanza ni kwamba minyororo ya plastiki haikai tuli hata plastiki inapoonekana ngumu. Vikundi vyenye oksijeni vilivyojengwa juu ya uso hugeuka taratibu na kuelekea ndani, kwa kuwa uso wa plastiki huelekea kurudi kwenye hali yenye nishati ndogo zaidi. La pili ni kwamba viwanda huchanganya plastiki na viongezeo, vikiwemo vya kulainisha ili kitu kitoke vizuri kwenye kalibu au mfuniko ufunguke bila kung'ang'ania, na viongezeo hivyo hupanda polepole kutoka ndani hadi juu, vikatandaza utando wa mafuta usioonekana. Joto huharakisha yote mawili. Mwezi wa Oktoba, joto la mchana la Tabora linapopita nyuzi 30 kivulini, chini ya bati huwa ni zaidi sana, na stoo ya kikundi ilikuwa, bila mtu kukusudia, tanuri la kuchakazia maandalizi yaliyolipiwa Dar es Salaam.

Hapo nilikuwa karibu kumwambia mwenyekiti anunue mashine, kwa hoja iliyoonekana kukamilika: maandalizi yamechakaa, mashine ya plazma huyarudisha, basi ni kuyarudisha siku ya kuchapa. Fundi mmoja anayefahamiana na mchapaji alikuja na kifaa cha mkononi kwa siku chache, nasi tukaanza kukijaribu. Nilichukua makopo ya zamani kama yalivyo, nikapitisha waya wa zambarau juu yake na kudondosha maji. Tone lililokuwa limesimama kama shanga lilitandaa papo hapo. Kina mama waliokuwa wakichuja asali waliacha kazi wakaja kutazama, mmoja akasema ni kama uchawi, nami nikafurahia sifa ambayo haikuwa yangu. Mchapaji alichapa makopo kumi, wino ukatandaa kuliko siku zote, na sote tukaenda nyumbani tukiamini kazi imekwisha.

Siku mbili baadaye, wino ukiwa umekauka, tulifanya jaribio la gridi. Kwa wembe hukatwa mistari sambamba juu ya maandishi, kisha mistari mingine ya kuikata ile, hadi vipatikane viboksi vidogo. Solotepu hubandikwa juu yake, husuguliwa kwa kidole, kisha huvutwa kwa mara moja. Karibu makopo yote kumi yalivua wino wake na kuuacha kwenye solotepu. Mwenyekiti hakusema neno. Aliiweka solotepu ile juu ya meza mbele yangu, na maandishi ya kikundi chake yakisomeka juu yake vizuri kabisa.

Kosa langu lilikuwa kuamini tone la maji. Kutandaa kwa kimiminika hueleza hali ya tabaka la juu kabisa, liwe ni la nini, lakini hakuelezi kama tabaka hilo limeshikamana na kilicho chini yake. Ilikuwa imetupita kwamba makopo yale yalijazwa asali kabla ya kuchapwa. Mchapaji hupokea kazi kwa mafungu makubwa na kikundi hakikutaka asali isubiri kwenye madumu, kwa hiyo makopo yalikuwa yakijazwa, yakifutwa kwa kitambaa chenye maji, na kupelekwa kwa mchapaji yakiwa yameshafungwa. Kitambaa chenye maji huondoa asali, kwa kuwa asali huyeyuka majini. Nta haiondoi. Kila mkono uliogusa sega ulipaka kopo alama ya nta, na kitambaa kilekile kiliisambaza nta hiyo sawasawa kwenye kopo zima. Plazma ilipopita ilikutana na nta, ambayo nayo kwa sehemu kubwa ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, ikaifanyia kile ambacho ingeifanyia plastiki. Wino ukaipenda nta iliyotayarishwa, ukashikamana nayo kwa nguvu zake zote, na nta yenyewe ikiwa haijashikamana na kopo. Mwanakemia J. J. Bikerman aliandika sana katika karne iliyopita juu ya tabaka dhaifu la katikati kuwa chanzo cha viungo vingi kuachana, na ingawa wataalamu wa baadaye waliona kwamba alilivutia jambo hilo mbali mno, kwa makopo ya Tabora alikuwa sahihi.

Tuliporudia, tuliyagawa makopo ya zamani katika mafungu ya kumi kumi. Fungu moja lilioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likasuuzwa, likakaushwa, likafutwa kwa ethanoli na kuchapwa bila plazma. Zaidi ya nusu yake lilivua wino, hasa kwenye kingo za herufi. Fungu la pili lilisafishwa vivyo hivyo, likapitishiwa plazma na kuchapwa ndani ya saa moja, na solotepu haikung'oa kiboksi hata kimoja. Fungu la tatu lilisafishwa na kupitishiwa plazma, kisha likarudishwa stoo kwa wiki mbili kabla ya kuchapwa. Matokeo yake yalichanganyika, mengine yakishika na mengine yakimeguka. Makopo kumi si kitu cha kujengea sheria, lakini mpangilio wa matokeo ulilingana na yanayojulikana juu ya plastiki hizi, na ulitosha kuonyesha kwamba usafi na muda vilikuwa na uzito sawa na mashine yenyewe.

Lipo fungu la nne ambalo halikukusudiwa. Kijana aliyelileta pendekezo la mashine alikabidhiwa kifaa, na kwa bidii yake aliyapitisha makopo kadhaa mara nyingi tena taratibu, akiamini kwamba kizuri kikizidi huwa bora. Maji yalitandaa juu ya makopo hayo kuliko yote. Solotepu iling'oa wino pamoja na utando mwembamba, na tulipofuta kopo jingine la aina hiyo kwa kitambaa chenye maji, maji yakaanza tena kujikunja juu yake. Plazma inapozidi haiongezi tu vikundi vya oksijeni, bali huikata minyororo ya plastiki vipande vifupi vinavyoyeyuka majini na visivyoshikilia chochote, na hapo mtumiaji anakuwa ametengeneza uchafu mpya kwa gharama ya umeme. Mchapaji aliyaona matokeo hayo na kukumbuka kwamba aliwahi kupiga msasa makopo ili wino ukwame. Msasa huongeza mikwaruzo lakini hauondoi nta wala haubadilishi kemia ya uso, na makopo yale pia yalirudishwa.

Kuhusu dai kwamba mashine huua vijidudu, halikuchukua muda mrefu. Ni kweli kwamba plazma baridi huua bakteria na kuvu walio juu ya uso, na utafiti wa matumizi hayo hospitalini na kwenye vyakula ni mpana. Lakini haipenyi ndani ya asali, na asali iliyoiva vizuri, yenye unyevu usiozidi asilimia 20 unaokubalika kimataifa, tayari haiwapi vijidudu maji ya kuishi. Kupitisha plazma ndani ya kopo kungeacha uso uliooksidishwa ukigusana na chakula kwa miezi mingi bila sababu yoyote. Nilishauri waya ule usiingie ndani ya kopo kamwe, na hakuna aliyebisha.

Jambo jingine, ambalo muuzaji wa mashine hakulitaja, lilikuwa la afya ya mtumiaji. Kifaa cha mkononi kinapowaka katika chumba kidogo, harufu kali inayofanana na ya hewa baada ya radi hujaa upesi. Hiyo ni ozoni, ambayo kikomo kinachotumika sana viwandani kwa siku ya kazi ni sehemu 0.1 tu kwa milioni. Pua huigundua mapema, kabla ya kikomo hicho, kisha huizoea na kuacha kuonya, na hilo ndilo la hatari. Mchapaji alipofanya kazi mchana mzima akiwa amefunga dirisha ili vumbi lisiingie, jioni koo lilimwasha na kifua kilimbana. Tangu siku ile kazi hufanyika barazani, feni ikiwa nyuma ya mfanyakazi na ikisukuma hewa kuelekea uwanjani. Ozoni pia hupasua mpira, na mipira ya kubana mifuniko iliyokuwa imehifadhiwa kwenye rafu ya karibu ilihamishwa baada ya kuonekana nyufa ndogo.

Lilipofika suala la ununuzi, hesabu ilikuwa imebadilika. Mashine iliyopendekezwa ilikuwa ya kurusha plazma kwa pua, nayo ilihitaji hewa iliyoshindiliwa ambayo ni kavu na isiyo na mafuta, wakati kompresa nyingi za gereji za Tabora hupuliza hewa pamoja na ukungu wa mafuta ya injini yake. Mtu angekuwa anasafisha kopo na kulipaka mafuta kwa pua ileile. Kopo la mviringo lingehitaji pia kifaa cha kulizungusha kwa kasi isiyobadilika. Zaidi ya yote, mashine ingekaa kwa kikundi, na uchapaji ungeendelea kufanyika upande mwingine wa mji, kwa hiyo makopo yangetayarishwa leo na kuchapwa pale mchapaji anapomaliza fulana za kampeni au za harusi. Nilimjibu mwenyekiti kwamba hainunuliwi, na kwamba sababu haikuwa udhaifu wa plazma. Kikundi kilikuwa tayari kimeshalipia maandalizi ya uso mara moja, pamoja na bei ya kopo, kikayapoteza kwa kuyaweka stoo. Kununua mashine bila kubadilisha mpangilio wa kazi kungekuwa kuyalipia mara ya pili na kuyapoteza kwa njia ileile.

Mpangilio ndio uliobadilishwa. Makopo sasa huchapwa yakiwa matupu, kabla hayajaingia kwenye chumba cha asali, na hununuliwa kwa mafungu madogo yanayolingana na kazi ya mwezi. Mtunza stoo huanza na gunia jipya kwa kazi ya kuchapa na kuyaacha ya zamani kwa asali inayouzwa kwa jumla bila maandishi, jambo ambalo lilimkera mwanzoni kwa kuwa linapingana na kanuni yake. Kopo lolote lisiloushika mchanganyiko wa asilimia 20 husafishwa na kupitishwa haraka kwenye moto wa gesi, njia ya zamani ambayo viwanda vya chupa za plastiki vimeitumia kwa miongo mingi. Moto wa buluu wenye hewa kuzidi kidogo ile inayohitajika kuunguza gesi yote una chembe kali zinazoongeza oksijeni juu ya plastiki kwa namna inayokaribiana na ya plazma, na kopo likizungushwa juu yake kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua halifiki kwenye joto la kuyeyuka, ambalo kwa polithini hii ni karibu nyuzi 130. Moto wa njano hauruhusiwi, kwa sababu huacha masizi. Makopo machache yalipinda siku za mwanzo, hadi mkono wa mchapaji ulipozoea. Wino uliochapwa huachwa siku tatu kabla ya kopo kujazwa.

Mifuniko ilikataa moto. Ni myembamba, ukingo wake hupinda kabla uso haujatayarika, na mfuniko uliopinda hauzuii asali kuvuja. Tena plastiki yake ina vilainishi vingi kuliko kopo, kwa hiyo huchakaa upesi zaidi. Tarehe ya mwisho wa kutumika huchapwa hapo, na isiposhika kazi nyingine yote ni bure. Lakini juu ya mfuniko ni bapa, na bapa ndiyo kazi ambayo kifaa kidogo cha mkononi hufanya vizuri kuliko kitu kingine chochote tulichokijaribu. Mchapaji alikinunua kile kifaa cha fundi kwa fedha zake mwenyewe, na sasa hulitoza kila kundi la mifuniko ada ndogo, likiwemo la wafungashaji wengine wawili waliosikia habari. Huipanga juu ya meza, huifuta kwa ethanoli, huipitishia waya mara moja kwa mwendo wa kawaida, na kuandika saa kwa chaki kwenye boksi. Umeme ukikatika kabla hajachapa, boksi lililolala hadi asubuhi hufutwa saa yake na kuanzishwa upya.